Umetuma meseji kwa wateja na hazijawafikia? Anzia hapa

Umewatumia wateja wako meseji kwamba boti ya kesho itaondoka Shimoni saa moja asubuhi badala ya saa mbili. Akaunti inaonyesha zote zimeenda. Kesho yake watu kumi na tano wanafika saa mbili, wamejipaka mafuta ya jua na kamera shingoni, na boti iko Kisite tayari. "Meseji gani? Mimi sikupata meseji yoyote." Hapo unarudisha pesa za watu, unaomba radhi, na unaanza kujiuliza kama hizi meseji unazolipia kila mwezi zinafika kweli.

Zinafika, nyingi zake. Zile zisizofika huwa zina sababu, na mara nyingi sababu hiyo unaweza kuipata mwenyewe kwa dakika kumi kabla ya kutupigia. Mengi tutakayosema hapa yanamhusu mfanyabiashara yeyote Kenya, lakini tumeandika tukifikiria wateja wetu wa Kwale, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Lunga Lunga, maana huko kuna mambo ambayo mtu wa Nakuru hayajui: bahari, mpaka wa Tanzania, wageni wenye laini za Ujerumani, na salamu za Idi zenye herufi za Kiarabu.

Imetumwa si imefika

Kwenye WhatsApp umezoea tiki moja na tiki mbili. Meseji ya kawaida ina mambo hayohayo, ila tiki zake haziko kwenye simu, ziko kwenye ripoti ya akaunti yako. "Imetumwa" ni tiki moja: meseji imetoka kwako na kampuni ya simu imeipokea. "Imefika" ni tiki mbili: simu ya mteja yenyewe imejibu kwamba imeipata. Tiki ya buluu haipo. SMS haikwambii popote kwamba mtu ameisoma, kwa hivyo usimgombeze mteja kwa hilo.

Safari iko hivi. Ukibonyeza kutuma, meseji inatoka kwenye akaunti yako kwa intaneti hadi kituo cha meseji cha kampuni ya simu. Kituo kinauliza laini hii iko upande gani sasa hivi. Kikipata jibu, kinaipeleka. Kisipopata, kwa sababu simu imezimwa au haina mtandao, kinaiweka kando na kujaribu tena baadaye. Lakini hakijaribu milele. Kuna muda wa mwisho, mara nyingi siku moja hadi tatu kulingana na mpangilio, na ukipita meseji inatupwa. Mteja akiwasha simu baada ya hapo haoni kitu, wala hajui kwamba kulikuwa na kitu.

Kwa hivyo kabla hujatuma tena kwa watu wote, na tafadhali usitume tena kwa watu wote, fungua ripoti ujiulize: waliokosa ni wangapi? Kama ni wote, tatizo liko upande wa kutuma: salio, jina la mtumaji, au intaneti. Kama ni mtu mmoja, karibu kila mara ni simu yake au ni namba uliyoandika. Kama ni baadhi, kazi yako ni kutafuta hao baadhi wanafanana wapi. Wote ni Airtel? Wote wanaishi Vanga? Wote majina yao yanaanza na herufi za mwisho? Utaona hapa chini kwa nini swali hili la mwisho si mzaha.

Kuhusu intaneti, neno moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki. Siku kama hiyo unaweza kumpigia mtu simu na kumtumia SMS kutoka kwa simu yako bila shida, huku akaunti ya meseji nyingi ikikataa hata kufunguka. Meseji ikiwa haina hata tiki moja, usimlaumu mteja. Haijatoka nyumbani bado.

Namba, namba, namba

Ukitaka kubahatisha sababu bila kuangalia chochote, sema "namba" na mara nyingi utakuwa umepatia. Wengi huweka wateja wao kwenye Excel, na Excel ikiona 0722 mwanzoni inadhani hiyo ni hesabu, inaiondoa sifuri. Namba ya tarakimu 10 inabaki na 9. Ukiandika kwa 254, mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi: namba inageuka kitu kama 2.54722E+11, na ukihifadhi faili ya CSV ikiwa katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimepotea na hazirudi. Dawa yake ni kuchagua safu nzima ya namba na kuiambia Excel kwamba hayo ni maandishi, yaani Text, kabla hujabandika namba hata moja. Namba sahihi ina tarakimu 12: 254 halafu tisa. Hesabu. Ikiwa 11 au 13, hiyo haitafika popote, au itafika kwa mtu mwingine.

Angalia pia herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri, na nafasi iliyoachwa katikati ya namba mtu alipoinakili kutoka kwenye kijitabu. Na kama fomu au programu yako ni ya zamani, jaribu kuiingizia namba inayoanza na 01. Namba hizo zilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, na fomu nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo zinazikataa kimyakimya kwa sababu zilifundishwa kwamba simu ya Kenya huanza na 07 tu. Mteja anadhani amejiandikisha. Kwenye orodha yako hayumo.

Sasa lile la mpakani. Mtu wa Lunga Lunga au Vanga kuwa na laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania, ni jambo la kawaida kabisa. Akikuandikia namba kwenye daftari anaandika jinsi alivyozoea, kwa mfano 0754 na tarakimu sita. Namba zinazoanza hivyo zipo nchi zote mbili, na zote zina tarakimu 10. Mfumo ukiona sifuri mwanzoni unaweka 254. Kumbe alitaka 255. Meseji inaondoka vizuri, ripoti inasema imefika, na ni kweli imefika, kwa Mkenya fulani asiyejua lolote kuhusu deni la unga wa huko Jego. Kwa wateja wa mpakani, uliza moja kwa moja: "Hii ni laini ya huku au ya upande wa pili?" Halafu andika namba nzima, na msimbo wa nchi mbele.

Kuna na namba zilizobadilisha mwenyewe. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huifunga na baadaye kuiuza upya. Ukituma kikumbusho cha deni, chenye jina la mtu na kiasi anachodaiwa, kwa namba uliyoiandika miaka minne iliyopita, huenda unamsomea jirani siri za mteja wako. Hilo si aibu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka utunze habari za watu na uhakikishe ni sahihi. Mara moja kwa mwaka pitia orodha, na wale ambao hawajanunua kwa muda wapigie kwanza. Na kwenye kikumbusho cha deni, usiandike zaidi ya lazima.

Herufi moja inayokula salio lako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo tutakaa kidogo.

SMS moja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Kiasi hicho kiliamuliwa miaka ya 1980, na hadithi yake ni kwamba mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa akipiga chapa sentensi za kawaida akizihesabu herufi, akaona 160 zinatosha kwa mtu kusema jambo lake. Ukizidisha, meseji inakatwa vipande na simu inaviunganisha, na kila kipande kinabeba 153 kwa sababu nafasi kidogo inatumika kuviunganisha. Unalipia kila kipande.

Lakini hizo 160 ni za alfabeti moja maalumu ya SMS, yenye herufi za Kilatini, tarakimu na alama chache. Ukiweka herufi moja tu isiyokuwemo, meseji yote inahamia alfabeti nyingine ambapo kipande hubeba herufi 70, na ikikatwa vipande, 67. Emoji haimo. Herufi za Kiarabu hazimo. Kwa hivyo ile "Eid Mubarak" yenye mwezi mwandamo na mstari mmoja wa Kiarabu, ambayo nusu ya maduka ya Ukunda huituma kila mwaka, ni ghali kuliko inavyoonekana.

Na kuna mtego mdogo zaidi unaotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Ile alama ya juu kwenye ng'ombe au ng'ambo. Ukiiandika kwa simu kawaida inatoka wima, na hiyo imo. Ukiiandika kwa Word, Word inaipinda ili ipendeze, na ile iliyopinda haimo. Mwenye bucha akinakili tangazo lake kutoka Word, neno "ng'ombe" pekee linatosha kuipunguza meseji yake hadi herufi 70 kwa kipande.

Tupige hesabu. Una wateja 400 na meseji ya herufi 150. Bila emoji ni kipande kimoja kwa kila mtu, jumla vipande 400. Ukinunua vipande 500 unabaki na akiba. Weka emoji moja: sasa kila meseji ni vipande vitatu, na unahitaji 1,200. Salio lako la 500 linatosha watu 166, halafu linakatika. Mfumo hutuma kwa kufuata orodha, na orodha nyingi zimepangwa kwa alfabeti. Kina Abdalla, Ali na Bakari wamepata. Kina Mwanasha, Rashid na Zainabu hawajapata, na kila Idi wanakuuliza kwa nini unawabagua. Ukisikia malalamiko ya namna hiyo, usiangalie mtandao, angalia salio na uhesabu vipande.

Sisemi uache salamu za Idi. Ziandike kwa herufi za kawaida, au zipeleke WhatsApp ambako mwezi na nyota ni bure.

Jina la mtumaji

Wengi wenu hamtaki mteja aone namba, mnataka aone jina la biashara. Jina hilo lina kikomo cha herufi 11. SamakiDiani inapita. SamakiUkunda ina 12, haipiti. Jina husajiliwa kwa kila kampuni ya simu peke yake, na hilo ndilo wengi hawajui: ukiwa umekubaliwa Safaricom hujakubaliwa Airtel wala Telkom. Dalili yake ni kwamba waliokosa wote wako mtandao mmoja. Ila usiwapange kwa namba za mwanzo. Tangu Aprili 2011 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hivyo 0722 inaweza kuwa Airtel leo. Muulize mwenyewe.

Jina pia huwekwa kundi: la matangazo au la huduma. Mteja wa Safaricom akichoka na matangazo anapiga *456*9*5# na kuyazima, na akizima, meseji za majina ya matangazo hazimfikii tena, hata zile anazozihitaji. Ukitumia jina lilelile la matangazo kutuma risiti, tarehe ya kulipa maji au "mzigo wako umefika", umezifunga pamoja. Tenganisha. Jina moja la ofa, jingine la mambo ya akaunti ya mteja. Na jina la huduma usilitumie kupenyeza ofa kwa waliokataa. Kampuni za simu huyafunga majina ya namna hiyo, na likifungwa linaondoka na risiti zako zote.

Kama mteja mwenyewe anataka kurudi, anapiga namba ileile na kufungua. Huwezi kumfungulia wewe, wala sisi.

Neno la haraka kuhusu siasa, maana wenyeviti wa vyama na vikundi huwa na tamaa ya kugombea. Orodha ya wanachama wa chama si orodha ya wapiga kura wako. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC zilitoa mwongozo kuhusu meseji za siasa zinazotumwa kwa wingi, na meseji kama hizo hukaguliwa kabla ya kutoka. Ukijaribu kuzipitisha kama za biashara zitakwama, na hazitakwama peke yake.

Bahari, mpaka, na mgeni wa Diani

Mvuvi hayuko hewani. Hiyo si hitilafu. Yuko nje ya minara, au simu ameizima na kuifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe, au alivua usiku kucha na mchana amelala simu ikichajiwa kwa jirani. Msimu wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari, hali hii inaongezeka. Kwenye ripoti utaona maneno Absent Subscriber, yaani laini haikupatikana. Usifute namba yake. Subiri.

Kina mama wanaolima mwani Kibuyuni ni vivyo hivyo: maji yakipwa wako shambani na simu zimebaki nyumbani. Maji hubadilisha saa, karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa iliyofaa Jumatatu haitafaa Ijumaa. Ukiwa unanunua mwani na unataka kuwapa bei mpya wote kwa wakati mmoja, angalia maji kwanza, au tuma jioni. Kwa jambo lenye haraka, kama boti kubadilisha saa, tuma siku moja kabla, omba jibu au simu ya kuthibitisha, na ambaye hajathibitisha mpigie. SMS ni nzuri kwa mambo mengi lakini si nahodha wa kutegemea peke yake saa kumi na moja alfajiri.

Mpakani, simu hujishika mnara wenye nguvu zaidi, na huko Vanga au Lunga Lunga mnara huo unaweza kuwa wa Tanzania. Kama laini ya mteja haijafunguliwa kutumika nje ya nchi, simu itaonyesha alama za mtandao lakini meseji hazitaingia. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya mtandao, azime ule uchaguzi wa kujiendesha, achague kampuni yake ya Kenya kwa mkono. Zikianza kuingia zote kwa mkupuo, mmeshajua.

Umeme nao. Minara ina betri na jenereta, lakini si za siku nyingi. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme, na siku kama hiyo hata mnara ukisimama, simu za wateja zenyewe zinakufa chaji moja baada ya nyingine. Meseji ya "malipo ya mwisho ni leo" isiyofika siku ya giza haimpi mtu haki ya kutozwa faini, kwa maoni yetu.

Mgeni wa hoteli au nyumba za Diani ni habari nyingine. Jina lako la mtumaji lililosajiliwa Kenya ni la laini za Kenya. Namba ya +49 ya Ujerumani au +44 ya Uingereza hupitia njia ya kimataifa, kwa bei tofauti, na akaunti nyingi huwa hazijafunguliwa njia hiyo. Laini za Marekani na Kanada hazipokei kabisa meseji zinazotumwa kwa jina badala ya namba. Ukiwa na wageni kama hao, WhatsApp au barua pepe itakuokoa, au muulize kama amenunua laini ya hapa. Wengi hununua wakitua.

Simu ya mteja mwenyewe

Mambo madogo, yanapita haraka. Kabambe ikijaa meseji haipokei nyingine mpaka mwenyewe afute, na akifuta zinamiminika zote. Simu za kisasa zina folda ya meseji taka, na meseji yenye kiungo kilichofupishwa huishia humo mara nyingi. Mwambie aangalie sehemu ya zilizozuiwa. Mwenye laini mbili huenda ameizima ile uliyonayo. Na wapo waliokuzuia kwa sababu mliachana vibaya. Hao hatuwezi kuwasaidia.

Meseji ya malipo isipoonekana

Tumeacha hili mpaka hapa kwa sababu ndilo linaloweza kukufunga duka. Pesa na meseji ni vitu viwili. Malipo yakipita, yanaandikwa kwanza kwenye vitabu vya mfumo. Meseji ni taarifa tu inayofuata nyuma, na inapita njia ileile yenye mashimo yote tuliyoyataja. Kwa hivyo pesa inaweza kuingia meseji isionekane, na meseji inaweza kuonekana pesa isiwepo kabisa.

Ijumaa jioni, duka la vifaa vya ujenzi Ukunda. Fundi amechukua mabati ya shilingi 18,500, ananyoosha simu.

"Mzee, pesa imetoka, ona mwenyewe. Gari linanisubiri."

"Kwangu haijaingia bado, mwanangu. Nipe dakika moja niangalie kwenye Till."

Hiyo dakika moja ndiyo kila kitu. Huyo fundi anaweza kuwa mteja wako wa miaka kumi, mwaminifu, na meseji yako imechelewa tu. Ukimwambia alipe tena mbele ya watu, umempoteza. Anaweza pia kuwa anakuonyesha meseji aliyoitunga asubuhi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Meseji ya kweli ya M-PESA hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya simu ya kawaida, lakini kwenye simu yake mwenyewe mtu anaweza kuhifadhi namba yoyote kwa jina lolote. Kwa hivyo usisome simu yake. Soma orodha yako ya miamala, kwenye programu ya biashara au menyu ya Till, utafute kiasi, saa, na ule msimbo wa herufi na tarakimu 10 ulio mwanzoni mwa meseji. Upo, mpe mabati hata kama meseji yako haijafika mpaka kesho. Haupo, mwombe naye aangalie taarifa ya akaunti yake, kwa kuwa pesa ambayo haijatoka kwake haiwezi kuwa njiani kuja kwako. Asilipe mara ya pili kabla hamjaangalia wote wawili. Ukigundua ni utapeli na uko Safaricom, tuma namba ya tapeli kwenda 333.

Shida kubwa ya maduka mengi ni kwamba meseji huingia kwenye simu ya mwenye duka, na mwenye duka yuko kwenye feri ya Likoni. Kijana aliyebaki dukani hana pa kuangalia, anaona haya kumsubirisha mtu mzima, anatoa mzigo. Mwongezee namba ya msaidizi yenye ruhusa ya kuona miamala bila kutoa pesa. Ni bora kuliko kumkata mshahara mwisho wa mwezi.

Ukituandikia

Ukishapitia hayo na bado kuna waliokosa, tuandikie, na ututumie vitu vitakavyotusaidia kuifuata meseji moja mpaka ilipokwama: namba mbili au tatu za waliokosa zikianza na 254, na moja ya aliyepata kwenye mtandao uleule; siku na saa uliyotuma; jina la mtumaji; maneno yote ya meseji kama yalivyo, uyanakili, usiyaandike upya, maana ile alama iliyopinda tunataka kuiona; na neno lililo kwenye ripoti mbele ya kila namba. "Meseji haziendi" peke yake inatulazimu kukuuliza haya yote halafu, na siku imeisha.

PIN yako hatuihitaji kwa kazi hii, wala ule msimbo wa siri unaotumiwa ukiingia kwenye akaunti. Mtu akikupigia akisema anataka kufungua meseji zako zilizokwama na akaomba kimojawapo, hatoki kwetu.